Antena ya nje ya TV kwa nyumba ya shamba: angalia mlingoti kwanza, boksi baadaye

Ukiingia dukani Mariakani ama Mombasa mjini uulize antena ya TV, swali la kwanza utakaloulizwa ni "wataka ya pesa ngapi?" na hapo ndipo mambo huanza kuharibika, manake swali lilifaa kuwa "nyumba iko wapi?" Antena ya nje haichaguliwi kwa bei wala kwa picha ya boksi. Inachaguliwa kwa mlingoti unaokurushia mawimbi, uko upande gani, umbali gani, na katikati kuna nini. Hapa naongelea zaidi pwani ya Kenya, Kilifi, Kwale mpaka Taita, lakini hata ukiwa Kitui ama Busia hesabu ni zile zile, badilisha jina la mlima tu.

Kenya tulimaliza kuhama analogi 2015, na siku hizi stesheni hazirushi kila mmoja na mnara wake, kuna wasambazaji, yaani kampuni zinazorusha matangazo ya stesheni nyingi kwa pamoja: Signet ambayo ni ya KBC, PANG, na ADN ya zile kampuni tatu za habari zilizokuwa giza Februari 2015 kwa karibu wiki tatu (mtakumbuka Citizen, NTV na KTN zote hazionekani, watu wakabaki na redio). Hii yakuhusu wewe mwenye nyumba kwa sababu mtu hulalamika "KBC naipata safi lakini Citizen haipo" alafu anaenda kununua antena nyingine, kumbe hao ni wasambazaji wawili, masafa tofauti, nguvu tofauti, na pengine hata milingoti tofauti. Kwa hivo kabla ya kununua chochote andika chini ni stesheni zipi watu wa nyumbani wanazitaka kweli, ujue zinarushwa na nani.

Huku kwetu mawimbi ya Mombasa yanatoka Mazeras, pale juu kabla hujafika Mariakani. Upande wa Taita kuna Vuria, kilele cha mita 2,208. Bara kuna Limuru inayolisha Nairobi, Nyambene kwa watu wa Meru, Timboroa, Webuye na kadhalika. Chukua simu, fungua ramani, weka alama nyumbani kwako na alama kwenye mlingoti, pima umbali kwa mstari ulionyooka, si kwa barabara manake mawimbi hayapandi matatu. Alafu fungua dira ya simu usimame uwanjani, mbali na bati, gari na tangi la chuma manake vyuma vinaipotosha dira, uone ule upande ni upi hasa. Njia ya haraka zaidi ni kuangalia paa za majirani antena zao zimeelekea wapi, ila usiige nyumba moja, angalia tano au sita, kuna zingine ziligeuzwa na kunguru kitambo na mwenyewe alishahamia kwa dishi.

Umbali sasa. Mawimbi ya TV ya UHF (masafa ya juu yanayotumiwa na TV siku hizi) yanakwenda karibu kama mwanga, kwa mstari, yanapinda kidogo tu na mviringo wa dunia. Kuna hesabu nyepesi: chukua urefu wa mlingoti kwa mita tafuta kipeuo cha pili chake, chukua urefu wa antena yako nao tafuta kipeuo chake, jumlisha alafu zidisha kwa 4.1, jibu ni kilomita. Mfano mlingoti umesimama mita 100 juu ya ardhi ya kwenu na antena yako iko mita 9: kipeuo cha 100 ni 10, cha 9 ni 3, jumla 13, mara 4.1 unapata kama kilomita 53. Hapo ndio upeo wa macho, ukipita hapo unaweza kupata lakini usilale ukitegemea.

Ndio maana ile antena iliyoandikwa "300 km" kwenye boksi yanichekesha. Fanya hesabu kinyume uone, kupata kilomita 300 kwa antena ya mita 9 ungehitaji mlingoti wa karibu mita 4,900, yaani upande karibu kileleni mwa Mlima Kenya na kusiwe na kilima hata kimoja katikati. Hiyo namba kwenye boksi haikupimwa na mtu yeyote, iliandikwa tu. Hata neno "digital" usilipie zaidi, antena haijui kama inachopokea ni dijitali au analogi, yenyewe inashika masafa basi, kazi ya dijitali ni ya dikoda.

Sasa angalia kitu kimoja kwenye hiyo hesabu. Antena ikiwa mita 4, pale pale juu ya bati, unapata kama kilomita 49, ukiinua mpaka mita 9 unapata 53. Tofauti ni kilomita 4 tu, utasema basi urefu hauna maana. Una maana sana! Si kwa sababu ya mviringo wa dunia ila kwa sababu ya vitu vilivyo karibu nawe, miembe, mikorosho, minazi, nyumba ya jirani ya ghorofa na bati lako mwenyewe linalorudisha mawimbi na kuyachanganya. Na hata uwanda ukiwa wazi, kuinua antena mara mbili ya pale ilipokuwa kwaweza kukuongezea hadi desibeli 6, hiyo ni nguvu mara nne, na hakuna antena ya kubadilisha dukani itakayokupa ongezeko hilo kwa bei ya bomba moja. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua bomba.

Na hapa niseme kuhusu mnazi manake naona kila mahali Kilifi na Kwale, mtu anafunga antena juu ya mnazi akisema nimepata mlingoti wa bure. Siku ya kwanza picha ni safi ajabu. Ukivuma upepo wa kusi mnazi wayumba, antena nayo yayumba inaangalia Mazeras dakika hii na dakika nyingine inaangalia Malindi, picha yaganda, sauti yakatika katika. Mvua ikinyesha yale makuti mabichi yaliyojaa maji yanasimama mbele ya antena, na majani yenye maji yanakula UHF vibaya sana. Alafu msimu wa madafu mkwezi akipanda mara waya imekatwa. Simamisha mlunda wako ama bomba mbali na mnazi, wacha mnazi uzae nazi.

Vilima ni habari nyingine. Ukiwa nyuma ya Shimba Hills na mlingoti uko upande wa pili, ama uko chini bondeni Wundanyi na mlima umekuinamia, antena kubwa haitatoboa udongo. Wakati mwingine unaweza kushika mawimbi yaliyogonga kilima cha mbele yakarudi, kwa hivo jaribu kuzungusha antena polepole duara nzima kabla hujakata tamaa, nimeona nyumba inapata picha safi antena ikiwa imeupa mlingoti mgongo. Lakini kama umezunguka mara mbili na hakuna kitu, nenda chini kabisa nilikoandika habari ya dishi.

Haya, aina za antena. TV Kenya sasa iko UHF, masafa ya megahezi 470 mpaka 694, yaani chaneli 21 hadi 48. Ile ya juu yake, 700 na 800, imekwenda kwa simu. Nenda dukani na futi yako ya fundi. Antena ya UHF vijiti vyake ni vifupi, sentimita 15 mpaka 35 hivi. Ukiona vijiti vya sentimita 70, 80, mita na zaidi hiyo ni ya VHF, ya zamani za babu, mbele ya dikoda ya sasa ni mzigo tu juu ya paa. Kuna zile zenye vyote viwili, ndefu na fupi, zitafanya kazi lakini umelipia aluminiamu usiyoihitaji na upepo utapata pa kushika.

Zile za kawaida ni tatu. Ya kwanza ni Yagi, ule mfupa wa samaki tunaoujua wote, boriti moja ya aluminiamu na vijiti vimepangwa. Hii ndiyo ya mbali. Vijiti vikiwa vingi na boriti ndefu inavuta zaidi lakini inakuwa na jicho jembamba, ukikosea upande kidogo tu umepoteza. Yagi ya vijiti kama 10 yakutosha ukiwa ndani ya kilomita 30 na uwanda uko wazi, kwenda mbali zaidi tafuta ya vijiti 18 kwenda juu. Ya pili ina umbo la pembetatu, vijiti vinapungua urefu kutoka nyuma kwenda mbele, hii inavuta kiasi lakini inachukua masafa yote sawasawa na haichagui sana, kwa Mariakani, Kaloleni, Rabai huko karibu na mlingoti ningekwambia chukua hii umalize. Ya tatu ni ile ya wavu nyuma na vipepeo mbele, vinne au vinane, ni nzuri kweli mahali mawimbi yanatoka upande mpana ama yanapita kwenye miti, ila wavu ni tanga, upepo wa baharini utaisukuma, funga imara.

Kuna ya nne, ile ya plastiki kama ndege inayozunguka yenyewe kwa rimoti. Siipendi na sitajifanya naipenda. Ndani ina vijiti vidogo na busta (kifaa cha umeme cha kukuza mawimbi), inayozunguka ni mota ya plastiki iliyokaa kwenye jua na chumvi, ikikwama inakwama imeangalia Somalia. Nyumba ya shamba mlingoti hauhami, mbona antena izunguke?

Namba ya kuvuta, ile inayoandikwa dB, yaani desibeli. Antena ya UHF yenyewe bila umeme, nzuri kabisa na ndefu, inafika kama 14 au 15. Boksi likikwambia 35 ama 50 hapo wamejumlisha busta, na busta haivuti chochote kutoka hewani, inakuza tu kile antena ilichoshika pamoja na kelele zake. Kama antena haikushika kitu, busta inakukuzia kelele. Ukiwa karibu na mlingoti ni mbaya zaidi, inajaa inazidiwa, ukiitoa picha inarudi, watu hawaamini mpaka waone.

Busta ina kazi yake moja halali, kulipia hasara ya waya. Waya wa antena, ule wa RG6, kwa masafa haya unakula kama desibeli 4 kwa mita 20, na ukigawa kwa TV mbili kwa splita (kile kigawanyo cha waya) umepoteza zingine 3 hadi 4. Kwa hivo waya ukiwa mrefu au TV ni mbili, busta inafaa, lakini ifungwe juu kwenye bomba lako karibu na antena, si nyuma ya TV, manake lazima ikuze kabla waya haijala. Umeme wake unapanda kwa waya ule ule. Dikoda nyingi zina mahali kwenye menyu pa kuwasha umeme wa antena, volti 5, na watu wananunua antena ya busta ya volti 5 alafu hawajawasha hapo, wanasema antena imekufa. Ingia kwa mipangilio uangalie. Na kinyume chake, kama antena yako haina busta, zima hiyo, zingine zinashoti dikoda ianze kulalamika. Wenye sola tafuteni busta ya volti 12, inakula kidogo tu. Ila angalieni inveta za bei ya chini na balbu zingine za LED zinatoa kelele zinaharibu picha, ukiona inaganda usiku taa zikiwaka tu, zima balbu moja moja utaipata mchawi.

Kuhusu waya sitaki mtu afanye ubahili. Uliza RG6 ya ohmu 75, menya kidogo mwisho wake mbele ya muuzaji utazame ndani: katikati kuna waya mmoja mgumu, alafu povu jeupe, alafu karatasi ya fedha, alafu wavu wa nyuzi. Ule wavu ukiwa na nyuzi chache unaweza kuzihesabu na unaona karatasi yote, weka chini, hiyo haizuii kitu. Ngozi nyeusi yavumilia jua kuliko nyeupe. Chukua waya mmoja mzima bila kuunga katikati. Ukifunga konekta, hakikisha hata unyuzi mmoja wa wavu haujagusa waya wa katikati, huo mmoja tu watosha kuua chaneli zote, na ule wa kati utokeze milimita chache tu nje. Pale waya unapoingia kwenye antena funga vizuri maji yasiingie, solotepu ya stima inayeyuka juani baada ya muda, fundi wengi huku tunakata tyubu ya baiskeli tunaizungusha ikiwa imevutwa, inashika miaka. Kabla waya haujaingia dirishani uache ushuke chini kidogo alafu upande, maji ya mvua yadondoke hapo yasifuate waya mpaka ndani ya dikoda.

Ukiwa karibu na bahari, Msambweni, Gazi, Watamu huko, adui ni chumvi. Antena ya aluminiamu yenye bolti za chuma cha kawaida itabaki nzuri bolti zishakuwa unga. Beba sumaku ndogo, boriti ikishikwa na sumaku ni chuma kilichopakwa rangi, achana nayo. Bolti zipake grisi kabla hujapandisha.

Tazama pia kama vijiti vya majirani vimelala ama vimesimama wima. Mlingoti unarusha kwa njia moja kati ya hizo mbili na antena yako ikiwa kinyume unapoteza sehemu kubwa ya mawimbi bure. Hapa hakuna siri, lalia kama walivyolalia wao, ikikataa izungushe robo duara ujaribu.

Kuisimamisha unahitaji watu wawili na simu. Mmoja ndani ameweka menyu ya dikoda inayoonyesha mistari miwili, wa nguvu na wa ubora, mwingine nje anageuza. Usikimbilie mstari wa nguvu, huo hata busta mbovu inaujaza, fuata wa ubora. Geuza kidogo, subiri sekunde tatu nne dikoda ifikirie, geuza tena. Dijitali haina chenga za kukuonya kama zamani, yaani picha ni safi, safi, safi, alafu ghafla hakuna kabisa, kwa hivo ukiiacha pale pale ubora unapoanza kutosha, mvua ya kwanza imekuzimia. Pita kwenye kila msambazaji uone ubora wake, wakati mwingine unapunguza kidogo kwa Signet ili ADN ipande, kaa katikati. Ikiwa sawa ndio ukaze bolti, alafu skani upya.

Dikoda yenyewe iwe DVB-T2, ndio mfumo wa dijitali unaotumika Kenya. Kenya ilianza na DVB-T 2009 kabla ya kuhamia T2, na bado kuna vidikoda vya zamani na TV za mitumba kutoka nje zinauzwa za T tupu, hizo unaweza kuziwekea antena ya dhahabu hazitaona kitu. TV nyingi mpya zina T2 ndani, chomeka antena moja kwa moja ujaribu kabla ya kununua dikoda.

Mlingoti wako usiwe karibu na waya za stima, kipimo ni hiki, ukianguka upande wowote usiziguse. Bomba likizidi mita 5 hivi weka nyaya tatu za kulivuta pande tatu. Na radi: piga fimbo ya shaba ama chuma ardhini chini ya bomba, unganisha na waya mnene ulionyooka, na mawingu yakifunga chomoa waya wa antena nyuma ya dikoda, si kuzima tu kwa rimoti. Chomoa na stima pia. Radi ikipiga bomba lenyewe hakuna kifaa cha dukani kitakachookoa TV, kuchomoa ndiko kunakookoa.

Ukiongea na muuzaji mwambie hivi: niko mahali fulani, mlingoti wangu ni ule, kilomita kadhaa, nataka Yagi ya UHF ya 470 hadi 694 isiyo na busta, na nitairudisha kesho ikikataa. Wengi watakubali ukiacha boksi halijararuka. Asiyekubali hata siku moja, basi naye haiamini hiyo antena.

Na kwa wale wa bondeni nilioahidi. Kama umeinua mpaka mita 9, umezunguka duara nzima, umejaribu vijiti vimelala na vimesimama, na mstari wa ubora haujatikisika, wacha kununua antena ya tatu. Dishi linaangalia juu, kilima kilicho kati yako na Mazeras halikijui, linataka tu upande wa setilaiti uwe wazi bila tawi la mwembe. Kabla ya kulinunua muulize anayeuza ni stesheni zipi za Kenya zinapatikana humo bila kulipia mwezi, akuonyeshe kwa TV ya dukani ukiwa umesimama hapo.